Nani hasa aliwarudisha shule wasichana waliojifungua: Tume, Geneva, Benki ya Dunia au Ikulu?

#1 Mchonga_Mihuri

Wakuu, habari za jioni.

Jana tumebishana kijiweni hadi kahawa ikapoa. Jamaa yangu anasema Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ni ofisi ya kupokea barua tu, haijawahi kuifanya serikali itimize hata mkataba mmoja iliousaini huko nje. Nikamtolea mfano wa wasichana waliopata ujauzito wakiwa shule. Juni 2017 Rais Magufuli akiwa Chalinze alitamka wazi kwamba ndani ya utawala wake mwenye mimba harudi darasani. Novemba 24, 2021 Waziri Ndalichako akatangaza wanarudi. Na Mkataba wa Haki za Mtoto tuliuridhia 1991, yaani ahadi ilikuwepo miaka yote hiyo imekaa kabatini.

Sasa swali: katikati ya hizo tarehe mbili, nani alisukuma? Kama ni Tume nipeni ushahidi nikamzibe mdomo. Kama siyo, tumekubaliana nanunua kahawa ya watu wanane.

#2 Pilipili_Kichaa

Andaa hela ya kahawa, mkuu. Na kashata.

#3 Mwanasheria_wa_Kata

Mleta mada, rafiki yako ana nusu ya ukweli. Tume imo ndani ya Katiba, Ibara ya 129, na ina sheria yake, Na. 7 ya 2001. Inachunguza, inashauri, inaelimisha, inatoa mapendekezo. Haitoi amri. Ukitaka amri nenda mahakamani.

Ila watu hawaangalii upande wa pili wa kazi yake. Kuna kitu kinaitwa Kanuni za Paris, zilipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 1993, na tume za nchi zote zinapimwa kwa kanuni hizo na kupewa daraja. Yenye daraja A inapata kiti cha kuongea kwenye Baraza la Haki za Binadamu kule Geneva kwa jina lake, siyo nyuma ya balozi. Kila miaka minne na nusu nchi inakalishwa kwenye yale mapitio ya hali ya haki za binadamu ya nchi moja moja, yanaitwa UPR. Saa tatu na nusu, nchi nyingine zinauliza, wewe unajibu. Mezani kunakuwa na karatasi tatu: ripoti ya serikali kurasa 20, mkusanyiko wa mambo ya Umoja wa Mataifa kurasa 10, na muhtasari wa wadau kurasa 10. Kwenye hiyo ya tatu, tume yenye daraja A ina sehemu yake peke yake.

Sisi tulikaa kitini 2011, 2016 na 2021. Ile ya 2021 ilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Tangazo la Ndalichako likaja mwezi huohuo. Chora mwenyewe.

#4 Karani_Mstaafu

Mwanasheria, hapo umeruka mto bila daraja. Nimekaa wizarani (siitaji ipi) miaka ishirini na kitu. Waraka hautoki kwa wiki tatu. Unaandikwa, unarudishwa, unaandikwa tena, mtu yuko safari, sahihi inasubiri. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021, huu wa kuwarudisha mabinti, ulikuwa kwenye jalada la mtu zamani kabla ujumbe wetu wa Geneva haujapanda ndege. Labda waliharakisha kuutoa kwa sababu ya Geneva, hilo nakubali. Lakini kuharakisha siyo kuanzisha.

#5 Gwiji_wa_Mbagala

Mnazunguka mbuyu. Ni pesa. Benki ya Dunia walikuwa na mkopo wa dola milioni 500 za elimu ya sekondari, wakaushikilia kwa sababu ya hawa mabinti. Serikali ikasalimu amri. Mengine ni mapambo.

#6 Karani_Mstaafu

Gwiji, angalia kalenda. Mkopo ule uliidhinishwa Machi 31, 2020, na katazo likiwa palepale. Kilichoingizwa ni njia mbadala ya masomo nje ya shule za kawaida. Kama pesa ndiyo iliyofungua mlango, mbona mlango umekaa umefungwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu baada ya pesa kupitishwa?

#7 Gwiji_wa_Mbagala

Kupitishwa siyo kutolewa, mzee. Mkopo unatoka kwa mafungu. Unadhani fungu la pili halina masharti?

#8 Karani_Mstaafu

Hapo sawa. Sibishani na mafungu.

#9 Bi_Kizimkazi

Asalaam aleikum. Nyote mnazungumza kama nchi ni bara peke yake. Sisi Zanzibar mtoto aliyejifungua anarudi skuli tangu 2010. Jamhuri ni moja, aliyesaini mkataba ni mmoja, Umoja wa Mataifa unamuuliza mmoja. Lakini msichana wa Makunduchi alikuwa anarudi na wa Mkuranga harudi. Kwa hiyo hoja ya kuwa "mila zetu haziruhusu" ilikuwa na jibu hapa hapa, kwa mwendo wa boti ya saa mbili.

Na hiyo Tume mnayoisifu na kuitukana, kwetu ilichelewa. Sheria ni ya 2001, kufanya kazi Unguja na Pemba ilikuja miaka kadhaa baadaye baada ya Baraza la Wawakilishi kukubali.

#10 Pilipili_Kichaa

Boti ya saa mbili ukibahatika bahari imetulia bibi. Mimi nilitapika kuanzia Malindi hadi Kivukoni.

#11 Mzee_Mwandege

Vijana, mnadhani mambo yameanza 2001. Kabla ya hii kulikuwa na Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya mwaka 1966, ya kwanza ya aina yake Afrika. Mwenyekiti wa kwanza Chifu Erasto Mang'enya. Ukionewa na mkuu wa wilaya, ukiandika barua, wanakuja hadi kijijini kusikiliza. Baba yangu alikwenda kutoa ushahidi amevaa koti la harusi yake.

Ila ripoti yao ilikwenda kwa Mwalimu. Yeye ndiye anaamua. Sasa pimeni wenyewe kilichobadilika. Leo ripoti inapita njia nyingine, inafika hadi bungeni, lakini neno la mwisho kwa mhusika ni lile lile: "tunashauri."

#12 Mwanasheria_wa_Kata

Mzee Mwandege shikamoo. Umegusa penyewe. Niongeze jambo ambalo mleta mada lazima alijue kabla ya kwenda kijiweni: sheria ya Tume inaizuia kumchunguza Rais, na Ibara ya 130 inampa Rais nafasi ya kuiagiza Tume akiona maslahi ya taifa yanataka hivyo. Sasa katazo la 2017 lilitoka kinywani mwa nani? Halafu kuna kipindi Tume ilikaa bila makamishna kabisa, hadi 2019 alipoteuliwa Jaji mstaafu Mathew Mwaimu. Nyumba haina mwenye nyumba, nani amkemee mgeni?

#13 Mchonga_Mihuri

Mwanasheria sasa unanisaidia au unanizika?

#14 Mwl_Nkasi

Nilikuwa nasoma tu kimya, lakini acheni niseme kilichotokea shuleni, maana huku juu mnahesabu tarehe.

Mwaka 2018 nilikuwa mwalimu wa malezi, shule siitaji. Wasichana walipimwa mara mbili kwa mwaka. Kazi yangu ilikuwa kukaa nao kwenye foleni na kuwaambia wasiogope, huku mimi mwenyewe naogopa. Mwaka ule waliondoka watatu. Mmoja alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, kidato cha tatu. Mama yake alikuja kuchukua godoro na ndoo. Hakusema neno. Alikunja lile godoro kwa kamba ya katani, akaniuliza tu, "Na ada ya muhula huu inarudi?"

Kisheria hata neno "mimba" halikuwepo kwenye zile kanuni za 2002 za kufukuza wanafunzi. Kulikuwa na "kosa dhidi ya maadili" na kuolewa. Mimba tuliiingiza sisi kwa kutafsiri. Nilikuja kujua hilo 2019 kwenye semina, aliyelisema ni ofisa wa haki za binadamu aliyekuja kutoa elimu, na walimu wakuu wawili wakambishia hadi wakati wa chai. Ndiyo siku ya kwanza nikaanza kujiuliza tunamfukuzaje mtoto kwa neno ambalo halijaandikwa.

Kwa hiyo mkiniuliza mimi: Geneva hakuna aliyeijua pale kwenye chumba cha walimu. Benki ya Dunia tulijua ni ya madawati. Waraka ulipokuja ndipo mambo yalibadilika, kwa sababu waraka una muhuri na ofisa elimu anauulizia.

#15 Dogo_Janja_wa_Sheria

Mwalimu, kongole. Hiyo ya "kosa dhidi ya maadili" ni kweli kabisa.

#16 KijanaWaLikoni

Jamani nyie watu wa Tanzania mwajihurumia sana. Hapa kwetu Kenya Katiba ya 2010 imesema, Ibara ya 2(6), mkataba ukisharidhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Na Ibara ya 59 yasema tume ya haki ndiyo chombo kikuu cha dola cha kuhakikisha mikataba yafuatwa. Si kushauri. Kuhakikisha.

Mfano: serikali ilipotaka kufunga kambi ya wakimbizi ya Dadaab 2016, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ikaungana na asasi ya Kituo cha Sheria wakaenda kortini. Februari 9, 2017 Jaji Mativo akasema amri ile ni batili, yakiuka Katiba na mkataba wa wakimbizi. Tume ya serikali yaishtaki serikali, na yashinda. Nyie mna hiyo?

Na nyanyangu ni Mpemba wa Kilifi. Amezaliwa Kenya, amezeeka Kenya, hakuwa na kitambulisho hadi 2023 Wapemba walipotambuliwa. Miaka yote laini ya simu kwa jina la jirani, pesa za samaki zaingia kwa jirani, na jirani akigombana naye simu yazimwa. Ofisi moja ya usajili ilimrudisha mara nne, ati alete cheti cha babake. Babake alikufa baharini! Waliokuja kuandika habari zake ni hao wa haki za kibinadamu, kama wale waliowatembeza Wamakonde kutoka Kwale hadi Nairobi 2016 kudai uraia.

#17 Bi_Kizimkazi

Nyanyako ametoka Pemba ipi? Yangu mama katoka Wete.

#18 KijanaWaLikoni

Bi, wazee wake wasema Micheweni. Tukutane tuhesabu huenda ni shangazi.

#19 Wakili_Mchovu_NBO

Likoni, marekebisho madogo. Wamakonde walitembea pamoja na KHRC. Hiyo ni asasi ya kiraia. Ile ya Katiba ni KNCHR. Herufi zakaribiana, watu wengi huchanganya, hata wanahabari. Tofauti ni kubwa: mmoja huweza kupiga kelele barabarani, mwingine ana mshahara wa serikali na mamlaka ya kuita mashahidi.

Na usiwauzie Watanzania ndoto. Julai 1, 2024, baada ya maandamano ya mswada wa fedha, KNCHR ilitangaza vifo 39. Hesabu ilitoka, tena haraka, hilo lilikuwa jambo la ujasiri. Waliohukumiwa kwa vifo hivyo, unawajua wangapi? Dadaab ilishinda kwa sababu jaji aliizuia serikali kufanya jambo. Kuizuia ni rahisi. Kuifanya itende ndiyo shughuli.

#20 KijanaWaLikoni

Kweli, wakili, nilichanganya. Lakini nyanyangu sasa ana kitambulisho.

#21 Mfanyabiashara_Kikuubo

Salamu kutoka Kampala, nauza vitenge hapa mwaka wa kumi na moja. Kama mnatafuta tume yenye meno, njooni Uganda. Katiba yao ya 1995, Ibara ya 53, tume ina baraza lake linalosikiliza mashauri kama mahakama. Linaweza kuamuru mtu aachiwe, linaweza kuamuru alipwe fidia. Jirani yangu dukani alipigwa na askari, akaenda pale, akashinda, akapewa karatasi ya kulipwa.

Karatasi bado anayo. Ameiwekea fremu.

#22 Pilipili_Kichaa

Hahaha fremu! Hiyo ndiyo maana ya haki kuonekana ikitendeka.

#23 Dogo_Janja_wa_Sheria

Afrika Kusini ndiyo kiboko. Tume yao ilimlazimisha Rais wao, Zuma, arudishe pesa za umma zilizojenga nyumba yake ya Nkandla, mahakama ikasema mapendekezo yake lazima yafuatwe.

#24 Mwanasheria_wa_Kata

Dogo, ile siyo tume ya haki za binadamu. Ni Mlinzi wa Umma, Thuli Madonsela, ripoti ya 2014, na hukumu ya Mahakama ya Katiba ni ya Machi 31, 2016. Ofisi mbili tofauti ndani ya sura moja ya Katiba yao. Sisi tumeziweka zote chini ya paa moja, ndiyo maana jina letu lina "na Utawala Bora" mwishoni. Kenya nao zamani walikuwa na moja, wakaigawa tatu 2011.

Kwa upande wetu mfano unaofaa ni Nyamuma, wilaya ya Serengeti. Oktoba 2001 wanakijiji walitolewa, nyumba zikachomwa. Watu 135 wakalalamika kwa Tume kupitia Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tume ilikuwa changa, ikaenda hadi kule, ikasikiliza, ikasema walipwe fidia. Serikali ikagoma. Sasa kifungu cha 28 kinasema mhusika ana miezi isiyozidi mitatu kueleza amefanya nini, akinyamaza Tume yenyewe inaweza kwenda mahakamani au kupendekeza mwingine aende. Wakaenda. Mahakama Kuu, kisha Rufani, shauri namba 88 la 2006. Miaka saba baada ya moto watu walikuwa bado wanabishania kama pendekezo ni kitu cha kukaziwa au ni salamu.

Kwa hiyo meno yapo. Yako kwenye glasi ya maji pembeni ya kitanda.

#25 Mzee_Mwandege

Mwanasheria, usiwaseme wazee wenye meno ya bandia.

#26 Fundi_Cherehani_Moro

Naomba nichangie kidogo, mimi si msomi. Mke wangu ni mtumishi. Alidai malimbikizo ya kupandishwa cheo kutoka taasisi moja, miaka minne. Akaandika barua kwa mwajiri, kimya. Akaandika tena, kimya. Mwaka wa tano akapeleka malalamiko Tume, wakamjibu wamemwandikia mwajiri barua kutaka maelezo. Miezi sita mbele pesa ikaingia. Barua ya mwajiri ilisema "kufuatia uhakiki uliokamilika."

Sasa nani alilipa? Uhakiki au Tume? Mke wangu anasema Tume. Mimi nasema uhakiki ulikuwa hauishi hadi mtu wa nje alipouliza umeishia wapi. Bosi wake anasema ni bajeti mpya. Tumeshakula hiyo pesa na hatujakubaliana.

#27 Karani_Mstaafu

Fundi, umeeleza kazi yangu ya miaka ishirini kwa aya mbili. Barua ya Tume ikiingia masijala inafunguliwa jalada. Jalada likifunguliwa lazima mtu aandike dokezo. Dokezo likiandikwa lazima bosi aseme ndiyo au hapana kwa sahihi yake. Watu wengi hawaogopi kukataa, wanaogopa kusaini kukataa.

Huko Geneva naona ni hivyo hivyo. Kwa kawaida serikali haisemi "tumekataa pendekezo." Inasema imelikubali, au imelipokea kwa kumbukumbu. Baada ya miaka minne na nusu karatasi inarudi mezani: mlikubali hiki, kiko wapi?

#28 Gwiji_wa_Mbagala

Karani, kama karatasi ina nguvu hivyo, mbona sheria ya ndoa? Mahakama Kuu ilisema 2016 vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinakiuka Katiba, mtoto wa kike kuolewa na miaka 15. Rufani ikathibitisha Oktoba 2019, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Hiyo ni Mahakama ya Rufani, siyo pendekezo. Mwaka ukapita, ukapita mwingine. Na mwezi mmoja baada ya hukumu hiyo tukajitoa kwenye tamko la kuruhusu mwananchi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika, mahakama iliyoko hapa hapa Arusha!

Narudi palepale: serikali inafanya inachotaka, inapotaka. 2021 Rais alibadilika Machi, sera ikabadilika Novemba. Tume ilikuwepo kabla na baada. Kilichobadilika ni mtu.

#29 Bi_Kizimkazi

Gwiji, mtu kabadilika, sawa. Lakini mtu mpya anapoingia anakuta nini mezani? Akikuta meza tupu hafanyi kitu. Huyu alikuta mapendekezo ya 2011, ya 2016, kesi ya hawa mabinti iliyofunguliwa 2019 kwenye Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto, na Zanzibar inafanya miaka kumi na moja bila mbingu kuanguka. Kaokota kilichokwisha pikwa.

#30 Gwiji_wa_Mbagala

Na mpishi ni nani, bibi? Ndiyo swali la uzi.

#31 Wakili_Mchovu_NBO

Ile kesi ya Kamati ya Afrika iliamuliwa 2022, baada ya waraka kutoka. Kwa hiyo hukumu haikuusababisha. Ila serikali yenye kesi mezani hupenda kufika ikiwa imeshajirekebisha, ipunguziwe makali. Nimeona hivyo mara nyingi.

Na Sierra Leone katazo kama hilo liliondolewa Machi 2020, miezi michache baada ya mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, kuamua dhidi yao. Huko mpishi anajulikana kwa jina. Kwenu wapishi ni wengi.

#32 Mwanasheria_wa_Kata

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha kuandaa ripoti kivuli, ile ya asasi za kiraia inayowekwa pembeni ya ripoti ya serikali, kazi yangu ilikuwa kuandika muhtasari. Asasi chungu nzima na kurasa chache. Watu waligombania sentensi kama kiwanja. Sentensi moja ya wasichana wajawazito iliondolewa neno "kufukuzwa", ikawekwa "kukatizwa masomo", mtu akasema serikali itasikiliza zaidi. Nilikasirika. Waraka ulipotoka, neno lililotumika ni "waliokatiza masomo."

Huenda ni bahati tu. Neno lenyewe ni la kawaida wizarani.

#33 Karani_Mstaafu

Ni la kawaida wizarani.

#34 Mchonga_Mihuri

Wakuu ahsanteni. Nimempelekea jamaa uzi wote. Kasoma, kajibu mstari mmoja: "Kwa hiyo Tume iliandika barua." Nikamwambia ndiyo, na barua ikafungua jalada. Kasema jalada halinywi kahawa. Nimenunua ya watu wanane, na kashata kama alivyosema Pilipili.

#35 Pilipili_Kichaa

Nilijua. Mwl_Nkasi, yule wa hesabu aliishia wapi?

#36 Mwl_Nkasi

Waraka ulipotoka alikuwa na mtoto wa miaka mitatu na genge la nyanya. Alisema darasani atakuwa mama wa watu. Mdogo wake ndiye alinufaika, alirudi 2022.

#37 Mama_Zuhura_Kibaha

Samahani kwa kuingilia, nimeona mnajua mambo ya huu waraka. Binti wa dada yangu kajifungua mwezi wa pili, alikuwa kidato cha pili, mtoto ananyonya. Anataka kurudi. Aanzie wapi, kwa ofisa elimu au wapi?

#38 Mwl_Nkasi

Aanzie kwa mkuu wa shule aliyotoka, aende na mzazi. Jumatatu asubuhi, mapema kabla ya paredi. Akiambiwa njoo kesho, aombe waandike.